Picha Kwenye Kadi: Sura Ionekane, Mtu Atambulike

MSWADA WA KIPINDI
Muda: takriban dakika 20
Washiriki: Mtangazaji (mwanamke), Fundi wa picha (mwanamume)
Kwa vikundi vya wasikilizaji: maswali ya majadiliano yako mwisho wa mswada.

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNAFIFIA)

MTANGAZAJI: Hujambo mpenzi msikilizaji, popote ulipo: Kigoma, Kasulu au Kibondo, Uvira, Baraka au Bujumbura. Karibu katika kipindi chako. Leo tunazungumzia picha, au foto kama wengi wenu mnavyosema. Tutaongea hasa juu ya picha ile inayochapwa kwenye kadi: kadi ya shule, kadi ya kikundi cha kuweka na kukopa, kadi ya kumbukumbu ya harusi au ya msiba, na ile picha moja ambayo mama anaitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zake muhimu.

Wengi wenu mna simu yenye kamera. Steshenari zenye printa ziko kila soko. Lakini malalamiko tunayopokea ni yale yale: picha ilikuwa nzuri kwenye simu, ilipochapwa uso ukawa mweusi, macho hayaonekani, rangi ya kitenge imebadilika, na mtu anaonekana kama yuko nyuma ya moshi. Kwa nini inakuwa hivyo, na tufanye nini? Nina fundi wa picha hapa studioni. Fundi, karibu sana.

FUNDI: Asante dada. Nawasalimu wasikilizaji wote.

MTANGAZAJI: Kabla hatujafika kwenye printa, tuanze na hili. Mtu anaweza kusema, "Jamani, tuna shida za chakula na maji, nyie mnazungumzia uzuri wa picha." Unamjibu nini?

FUNDI: Namjibu kwamba picha kwenye kadi kazi yake ya kwanza ni mtu atambulike, uzuri unafuata nyuma. Fikiria mtoto wa miaka mitatu aliyepoteana na wazazi wake njiani. Jina la baba halijui, yeye anasema "baba". Jina la kijiji hajui. Alicho nacho ni uso wake. Baada ya mwaka 1994, wakati maelfu ya watoto walipotengana na wazazi wao katika nchi hizi za Maziwa Makuu, mashirika ya misaada yalipiga picha za watoto hao na kuzibandika mahali ambapo watu wangepita na kuzitazama. Mzazi alisimama mbele ya safu za picha, akitafuta uso mmoja. Sasa niambie dada, kama uso ule umechapwa mweusi tii, mama atamjuaje mwanawe?

MTANGAZAJI: Atampita.

FUNDI: Atampita, na huenda asirudi tena pale. Kadi ya shule ni hivyo hivyo. Mlinzi anatazama kadi, anakutazama wewe, anaona watu wawili tofauti. Na kwa familia zilizoacha kila kitu nyuma, picha ya bibi inaweza kuwa hiyo moja tu. Kwa hiyo tuichape vizuri.

(SAUTI: MLIO WA KAMERA YA SIMU)

MTANGAZAJI: Basi tuingie kazini. Picha yetu inaharibikia wapi?

FUNDI: Inaweza kuharibikia mahali patatu. Kwanza wakati wa kupiga. Pili wakati wa kuituma na kuitayarisha. Tatu wakati wa kuichapa. Watu wengi wanailaumu printa, lakini mara nyingi picha imefika kwenye printa ikiwa imeshaharibika. Printa haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukiona.

MTANGAZAJI: Tuanze na kupiga. Kwa nini uso wa mtu unatoka mweusi kuliko alivyo?

FUNDI: Mara nyingi kamera haijui kwamba inatazama mtu. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, kisha inajirekebisha ili picha nzima iwe na mwanga wa wastani, kijivu cha katikati. Sasa wewe unamsimamisha mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya shuka jeupe, naye amevaa shati jeupe la shule. Kamera inasema, "Hapa pana weupe mwingi, nipunguze mwanga." Shuka linakuwa sawa, shati linakuwa sawa, uso unazama gizani.

MTANGAZAJI: Kumbe weupe wa shuka ndio unaomtia giza mtoto.

FUNDI: Ndiyo hivyo. Na jambo hili lina historia yake. Zamani, kwenye maabara za kusafisha picha za rangi, mafundi walipimia rangi kwa kadi maalumu yenye picha ya mwanamke. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Kodak. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, mwanamke wa kwenye kadi hizo alikuwa mzungu. Rangi ya ngozi yake ikiwa sawa, fundi aliona picha zote ziko sawa. Watu weusi walipopigwa picha pamoja na weupe, nyuso zao zilipotea, yakabaki macho na meno. Baadaye filamu zilirekebishwa na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zikatolewa. Lakini somo limebaki: ukiiachia mashine ijipangie yenyewe, usidhani imekufikiria wewe.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo tufanye nini sisi wenye simu ya kawaida?

FUNDI: Fanya mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji pesa.

La kwanza, mwanga. Usimpige mtu kwenye jua la saa sita mchana, maana jua la utosini linatia kivuli machoni. Msimamishe ndani ya mlango, au chini ya ukingo wa paa, uso wake ukielekea nje kwenye mwanga. Wewe mpigaji simama upande wa nje, uhakikishe tu kwamba hujamkinga mwanga.

La pili, angalia mwanga huo unapita wapi. Mtu akiwa chini ya turubai la bluu, uso unapata ubluu. Akiwa chini ya mwembe wenye majani mengi, unapata ukijani. Akiwa karibu na ukuta wa matofali mekundu, shavu la upande ule linakuwa jekundu. Macho yetu yanazoea, kamera haizoei. Tafuta kivuli cha ukuta mweupe au wa kijivu.

La tatu, gusa uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga. Ukigusa, kamera inapimia mwanga pale pale usoni. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kisukume juu kidogo mpaka uone ngozi, nyusi na mboni za macho. Shuka la nyuma likizidi weupe, liache lizidi. Hatumtafuti shuka, tunamtafuta mtu.

La nne, mpe mtu karatasi nyeupe au gunia jeupe safi alishike kifuani, nje ya picha. Mwanga unagonga pale na kurudi chini ya kidevu na machoni. Macho yanakuwa hai.

MTANGAZAJI: Na flashi je?

FUNDI: Flashi ya simu inagonga paji la uso na pua na kuacha madoa meupe yanayong'aa, hasa mtu akiwa na jasho au mafuta. Doa hilo likishakuwa jeupe kabisa, hakuna rangi ya ngozi iliyobaki ndani yake ya kuchapa. Mpanguse uso kwa kitambaa, mpeleke mlangoni, flashi iache.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Unaendelea kusikiliza kipindi chako. Tunazungumza na fundi kuhusu kuchapa picha kwenye kadi. Fundi, umetueleza mwanga. Sasa ule ukungu. Kwa nini picha haitoki kali, ile ambayo unaona hata unywele mmoja mmoja?

FUNDI: Anza na kioo kidogo cha kamera nyuma ya simu. Simu inakaa mfukoni, inashikwa na mikono yenye mafuta ya kupikia, yenye vumbi. Kipanguse kwa kitambaa laini cha pamba. Wengi watashangaa kuona nusu ya ukungu umeondoka hapo hapo.

Halafu usikuze kwa vidole. Ukivuta picha kwenye kioo ili mtu aonekane karibu, simu nyingi zinakata tu katikati ya picha na kuitandaza. Tembea, msogelee. Lakini usimkaribie mno, maana pua itakuwa kubwa na masikio yatakimbilia nyuma. Hatua mbili kutoka kwake zinatosha. Na ushike simu kwa mikono miwili, viwiko vikiegemea mbavu, upige picha tatu au nne na uchague.

MTANGAZAJI: Kuna neno watu wa steshenari wanalitumia: pikseli. Wanasema, "Picha yako haina pikseli za kutosha." Maana yake nini?

FUNDI: Picha ya simu ni kama mkeka uliosukwa kwa vipande vidogo sana vya rangi. Kila kipande ni pikseli. Mkeka ukiwa na vipande vingi, ua lililosukwa linaonekana vizuri. Ukiwa na vichache, unaona vigae tu.

Kwa kuchapa, kipimo kinachotumika sana ni pikseli 300 kwa kila inchi moja ya karatasi. Inchi moja ni milimita 25.4. Basi hesabu inakuwa hivi. Kadi ya picha ya kawaida, ile ya inchi 4 kwa 6, yaani kama sentimita 10 kwa 15, inahitaji pikseli 1200 kwa 1800. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inahitaji takriban 413 kwa 531. Kadi ya plastiki ya ukubwa wa kitambulisho, yenye upana wa milimita 85.6 na kimo cha karibu milimita 54, ukiijaza picha yote inahitaji kama 1011 kwa 638.

MTANGAZAJI: Hizo si nyingi. Simu ya siku hizi inatoa zaidi ya hapo.

FUNDI: Inatoa zaidi sana. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000. Kwa hiyo simu haina tatizo. Tatizo linakuja namna mbili. Namna ya kwanza ni kukata. Mtu analeta picha ya darasa zima, watoto 40, anasema, "Nikatie huyu wa mstari wa nyuma." Pengine uso wa yule mtoto una upana wa pikseli 150 tu. Ukiutandaza kwenye picha ya pasipoti inayotaka 413, lazima utoke na ukungu.

MTANGAZAJI: Na programu za kukuza picha?

FUNDI: Programu inakisia. Inaweza kulainisha, lakini haijui kovu la mtoto liko wapi wala jino gani limepungua, na hayo ndiyo mambo ambayo mama anamjulia mwanawe. Kama mtu yupo, mpige picha upya. Kama hayupo tena na hiyo ndiyo picha pekee, ichape ndogo. Picha ndogo iliyo wazi ina faida kuliko kubwa yenye ukungu.

Namna ya pili ni kutuma. Ukituma picha kwa WhatsApp kama kawaida, inapunguzwa ili isile bando. Pikseli zinapungua na rangi zinabanwa. Akiipokea fundi akaituma kwa mwenzake, inapungua tena. Badala yake, itume kama dokumenti, maana hapo inakwenda faili nzima. Au peleka simu yenyewe au memori kadi steshenari, wanakili moja kwa moja. Na usipige picha ya kioo cha simu nyingine, utaleta mistari na mng'ao.

MTANGAZAJI: Nimesikia. Sasa rangi. Kitenge changu kwenye simu kina bluu inayowaka. Kwenye karatasi imekufa. Nani ameiua?

FUNDI: (ANACHEKA) Hakuna aliyeiua, dada. Kioo cha simu ni taa. Kinatoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, na kuuchanganya. Karatasi haitoi mwanga. Inasubiri mwanga wa jua au wa taa uipige, na wino unameza sehemu ya mwanga huo. Printa inatumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna bluu na kijani ambazo taa inaweza kuziwaka lakini wino hauwezi kuzifikia. Hizo zitapoa kidogo kwenye karatasi hata ukiwa na printa ya bei kubwa. Mteja aelezwe mapema.

Lakini kuna tofauti nyingine ambayo tunaweza kuirekebisha, nayo ni giza. Watu wanaongeza mwangaza wa kioo mpaka mwisho kwa sababu ya jua la nje. Picha yenye giza inaonekana nzuri. Ukiichapa, karatasi haina ile taa ya nyuma, giza linabaki peke yake. Kabla ya kutengeneza picha, ingia kivulini, weka karatasi nyeupe kando ya kioo, fungua ukurasa mweupe kwenye simu au kompyuta, punguza mwangaza mpaka weupe wa kioo ufanane na weupe wa karatasi. Hapo macho yako yataacha kudanganywa.

MTANGAZAJI: Ukishafanya hivyo ndipo unachapa?

FUNDI: Bado. Chapa kwanza karatasi ya majaribio. Hii ndiyo siri ya kazi yote, na kama msikilizaji atasahau mengine yote, asisahau hili. Chukua picha ile ile moja, itengeneze nakala nne ndogo. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili iongeze mwanga kidogo. Ya tatu iongeze zaidi. Ya nne iongeze zaidi ya hapo. Ziandike namba 1, 2, 3, 4, uzipange kwenye karatasi moja, uchape kwa wino ule ule na karatasi ya aina ile ile utakayotumia kwa kadi. Kisha toka nazo nje, kwenye mwanga wa mchana, usizitazame chini ya taa.

MTANGAZAJI: Na unatazama nini?

FUNDI: Tazama mahali patatu usoni. Mboni ya jicho: je, inatofautiana na kope? Mpaka wa nywele na paji: je, unauona, au vimekuwa kitu kimoja? Shavu lenye mwanga: je, bado ni rangi ya ngozi, au limepauka? Ile inayokupa yote matatu ndiyo namba yako. Mara nyingi inakuwa ya pili au ya tatu. Iandike ukutani: printa hii, karatasi hii, ongeza mwanga kiasi hiki. Kesho huanzi upya. Karatasi moja ya majaribio inaokoa karatasi 20 za kutupa.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa tumefika kwenye printa yenyewe. Msikilizaji wetu mmoja ameuliza kwa ujumbe mfupi: "Nimenunua karatasi ya picha ya bei ghali, lakini wino unatapakaa na haukauki. Nimetapeliwa?"

FUNDI: Pengine hakutapeliwa. Aangalie mambo mawili. Kwanza, karatasi ya picha mara nyingi ina upande mmoja uliopakwa tabaka la kushika wino. Upande wa pili ni kama plastiki, wino unateleza juu yake. Kama huzijui pande zake, lowesha kidole kidogo uguse pembeni ya karatasi. Upande unaonata kidogo ndio wa kuchapia.

Pili, unapotoa amri ya kuchapa, kompyuta inauliza aina ya karatasi. Wengi wanairuka sehemu hiyo, inabaki kwenye karatasi ya kawaida. Karatasi ya kawaida inanyonya wino na kuutawanya, kwa hiyo printa inapanga wino wake kwa namna nyingine kabisa. Ukiiambia ukweli, kwamba hii ni karatasi ya picha, na ukachagua ubora wa juu, inapanga vidoti vidogo kwa utulivu. Itachukua muda zaidi. Subiri. Rangi na ukali vinabadilika sana kwa kuchagua mstari huo mmoja.

MTANGAZAJI: Na ile mistari mieupe inayopita katikati ya uso?

FUNDI: Vitundu vya wino vimeziba. Printa ya wino ina vitundu vidogo kuliko unywele, na ikikaa wiki kadhaa bila kazi wino unakauka ndani. Printa karibu zote za aina hii zina amri ya kuchapa mistari ya majaribio. Ichape kabla ya kazi ya mteja. Mistari ikikatika, toa amri ya kusafisha, mara moja au mbili, kisha ujaribu tena. Usisafishe mara kumi mfululizo, maana kusafisha kunakula wino. Kinga ni rahisi: kila wiki chapa kipicha kimoja kidogo chenye rangi zote. Na uifunike printa kwa kitambaa, vumbi la kiangazi ni adui.

MTANGAZAJI: Kadi za plastiki ngumu, zile zinazofanana na kadi ya benki?

FUNDI: Zile zina printa yake. Haitumii wino wa maji, inatumia riboni. Joto linahamisha rangi kutoka kwenye riboni kwenda kwenye kadi, njano, majenta, samawati, kisha nyeusi kwa maandishi, na mwisho tabaka angavu la kulinda. Hapa adui wa kwanza ni alama za vidole na vumbi. Kila chembe ya vumbi inaacha nukta nyeupe, na ikikaa usoni inaonekana kama kovu. Ishike kadi kwa kingo zake tu. Na maandishi yaandikwe kwa nyeusi kamili, siyo kijivu wala kahawia, ili printa itumie sehemu nyeusi ya riboni. Hapo herufi zinakuwa kali.

Wenzetu wasio na printa hiyo wanachapa kwenye karatasi na kufanya laminesheni. Inafaa sana. Ila picha ya wino iache ikauke vizuri kwanza, ikiwezekana mpaka kesho yake. Ukiifunga ikiwa mbichi, unyevu unabaki ndani na rangi zinavuja polepole. Acha ukingo wa plastiki wa milimita chache kila upande. Ukikata hadi kwenye karatasi, maji ya mvua ya kwanza yanaingia.

MTANGAZAJI: Ikishakamilika, itadumu?

FUNDI: Jua ndilo linalofifisha. Usiiweke dirishani wala usiipachike mlangoni panapopigwa na jua. Na faili lenyewe litunze mahali pawili, kwenye simu na kwenye memori kadi iliyo kwa ndugu mwingine. Karatasi ikipotea, unachapa nyingine.

MTANGAZAJI: Fundi, kuna mambo mawili ya tahadhari nisingependa tuyaache. La kwanza ni vitambulisho vya serikali na vya wakimbizi.

FUNDI: Hivyo havichapwi mtaani. Mtu akikuletea picha ya kitambulisho rasmi akasema, "Nitengenezee kama hiki, langu limepotea," mwambie aende kwenye ofisi iliyokitoa. Hata kama anasema kweli, kadi utakayomtengenezea ni ya kughushi, na siku akikamatwa nayo, yeye ndiye atakayeumia, nawe pamoja naye.

MTANGAZAJI: La pili ni watoto. Wasikilizaji, ukimpata mtoto aliyepoteana na wazazi wake, usiandike jina lake, umri wake na mahali anapolala kwenye kadi au bango, kisha ukalibandika sokoni au ukalituma kwenye makundi ya simu. Yupo anayemtafuta kwa wema, na yupo asiyemtakia mema. Nenda kwa Msalaba Mwekundu au kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto katika eneo lako. Wao wana utaratibu wa kuthibitisha kwamba anayedai ni mzazi ndiye mzazi kweli. Fundi unaweza kusaidia kwa kupiga picha iliyo wazi, pale utakapoombwa. Na mtu mzima naye aulizwe kwanza: je, unakubali picha yako ichapwe, na nani ataiona?

FUNDI: Hilo ni kweli dada. Sura ya mtu ni mali yake.

MTANGAZAJI: Tukusanye tuliyoyasikia. Mpeleke mtu kwenye mwanga wa mlangoni. Panguse kioo cha kamera. Gusa uso, ongeza mwanga. Tuma faili nzima. Punguza mwangaza wa kioo mpaka ufanane na karatasi. Chapa majaribio manne, uyatazame nje. Iambie printa ukweli kuhusu karatasi. Iache ikauke kabla ya laminesheni. Nimesahau?

FUNDI: Hujasahau. Nitaongeza moja tu kwa vijana wanaofanya kazi hii. Kabla hujampa mteja kadi, ishike kwa urefu wa mkono wako, umtazame yeye, uitazame kadi. Kama unalazimika kufikiri ili ujue ni yule yule, rudia. Gharama ya karatasi moja ni ndogo.

MTANGAZAJI: Asante sana fundi kwa kutupa muda wako.

FUNDI: Asanteni nyie. Kazi njema kwa mafundi wote.

MTANGAZAJI: Na wewe msikilizaji, kama una swali, litume kwa ujumbe mfupi au mpe kiongozi wa kikundi chako cha wasikilizaji alilete. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya kutunza vyeti na karatasi muhimu wakati wa mvua. Mpaka hapo, kila la heri.

(MUZIKI WA KIPINDI HADI MWISHO)

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kikundi chenu, nani ana picha ya zamani iliyo pekee ya ndugu yake? Inatunzwa wapi, na je, ina nakala?

2. Toeni kadi moja ya shule au ya kikundi. Itazameni kwenye mwanga wa mchana: je, mboni za macho na mpaka wa nywele vinaonekana? Kama havionekani, mnadhani iliharibikia wapi: kwenye kupiga, kutuma au kuchapa?

3. Mpigeni mwenzenu mmoja picha mbili kwa simu ile ile: moja mbele ya shuka jeupe bila kugusa uso kwenye kioo, nyingine mlangoni baada ya kugusa uso na kuongeza mwanga. Linganisheni.

4. Mtu akiomba picha ya mtoto wa jirani ichapwe na kubandikwa hadharani, fundi afanye nini kwanza?